Picha Safi ya Nyumba ya Juu

Wivu wangu haukuwa wa mume. Mume wangu alikuwa Mombasa, bandarini, na kama kulikuwa na mwanamke wa kumwonea wivu kule, sikumjua, na nisichokijua hakininyimi usingizi. Wivu wangu ulikuwa wa baba mkwe.

Ndiyo, baba mkwe. Cheka kwanza, umalize, halafu nikueleze.

Boma letu lilikuwa kwenye mteremko, ukitoka Keumbu kuelekea upande wa Nyamira, chai kulia na migomba kushoto. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alijenga juu kando ya barabara. Wakwe walikuwa katikati, karibu na zizi la ng'ombe. Mimi niliyeolewa na kifungua mimba nilijengewa chini kabisa, karibu na mto, mahali ambapo ukungu ulikuwa ukija asubuhi na kuondoka unapotaka wenyewe. Nilizaliwa pande za Magwagwa, kwenye nyumba ya watu wengi na kelele nyingi. Hapo chini nilikuwa na binti zangu wawili wadogo, kuku, na kimya. Mume alikuja Desemba, akakaa, akaondoka. Miezi iliyobaki nilikuwa naongea na sufuria.

Desemba moja, katika ile miaka ya tisini, akashuka kwenye basi na televisheni. Ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Wacha we! Ilikuwa ya kwanza upande wetu wote wa mto. Watu walikuja kuiangalia hata ikiwa imezimwa.

Sasa kukawa na tatizo. Mzee alikuwa akitaka sana kuona habari na mpira, lakini kwetu Wagusii kuna kitu kinaitwa ensoni, heshima iliyochanganyika na haya. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua ya mawe imkute mlangoni, hataingia. Na mkazamwana hamkodolei macho mkwe wake, wala hapigi naye soga za kucheka. Nilikuwa nimekaa katika boma lile miaka, na maneno yote niliyokuwa nimewahi kuambiwa na mzee yule yangeenea kwenye kiganja: bwakire ya kuamkiana asubuhi, mvua imekuja, ng'ombe ameingia kwenye mahindi.

Mume wangu akaigeuza meza. Televisheni akaielekeza dirishani, sisi wa ndani tukawa tunaitazama kwa upande, shingo zimepinda. Mzee akaweka kigoda chake nje, chini ya dirisha. Hajaingia, na anaona. Kila mtu akaridhika. Mume akarudi Mombasa.

Tatizo la pili lilikuwa televisheni yenyewe. Huko chini bondeni ilikuwa na tabia mbaya kama mbuzi wa kununuliwa. Ikitaka inaonyesha, isipotaka imejaa chenga, vidoti vyeupe vinacheza kioo kizima na mtu anaongea ndani yake kama yuko kwenye mvua. Sauti ilikuwa nzuri, lakini picha ilikuwa majaliwa. Na kigoda kilikuwa mbali kidogo na kioo, na macho ya mzee hayakuwa ya ujana. Basi siku ya kwanza au ya pili, taarifa ya habari ikiendelea, nikasikia nje:

"Huyo anayesoma, leo amekula kweli?"

Hakuniuliza mimi. Aliiuliza televisheni. Mimi nami nikajibu nikiitazama televisheni:

"Amekula, lakini amekosa mboga."

Kisha nikasikia kicheko, kile cha mtu anayejaribu kukizuia kinamtokea puani.

Ndivyo ilivyoanza. Hatukuwa tunaongea sisi, unaelewa? Tulikuwa tunaongea na televisheni, na televisheni si mkwe wa mtu. Kila jioni mzee alikuja na kigoda, binti yangu mkubwa akamtolea chai, na mimi nikakaa karibu na kioo nikimwambia kinachoonekana ndani ya zile chenga. Mara nyingi hakukuwa na kinachoonekana. Nikabuni. Waziri anafungua daraja, mimi namwambia waziri ameshika mkasi vibaya, atajikata. Mpira ukichezwa, anauliza, "Nani ana mpira?" Nami nisiyejua mpira hata kidogo namjibu, "Mwenye kaptura nyeupe." Wote walikuwa na kaptura nyeupe. Hata refa, hata nyasi. Mzee alikuwa akicheka mpaka anakohoa, anasema, "Hebu mpe huyo wa kaptura nyeupe afunge basi, twende tukalale."

Siku nyingine chenga zilikuwa zinafunika kila kitu, na hapo ndipo alipokuwa akisimulia. Alinisimulia jinsi alivyochuma chai Kericho akiwa kijana, jinsi walivyomficha bwana mkubwa mbwa wake ili apate kuwaita wamtafutie na wapumzike. Alinisimulia, mimi! Watoto wake wa kuzaa hawakuijua hadithi ile. Mimi nikamsimulia nyumbani kwetu Magwagwa, kelele za ndugu zangu, mama alivyokuwa akituita wote kwa jina la yule wa kwanza kwa sababu majina yalimchosha. Uso wake sikuutazama hata mara moja. Sauti yake naijua mpaka leo.

Halafu mke mwenzangu akanunua televisheni.

Namwita mke mwenzangu kwa sababu kwetu wake wa ndugu tunaitana hivyo, ingawa kila mtu na mume wake. Alikuwa mke wa shemeji, yule wa nyumba ya juu. Mumewe alikuwa karani kiwandani na analala nyumbani kila siku, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia kijicho. Nyumba yake ilikuwa na madirisha ya vioo, yangu ya mbao. Sasa akaongeza televisheni, kubwa kuliko yangu, na kwa vile alikuwa juu kando ya barabara, picha ikakaa. Haikutikisika. Binti zangu walirudi kutoka huko macho yamewatoka: "Mama, kule watu wana pua! Wana vifungo vya shati!"

Jioni ya pili nikaandaa chai, nikaiwasha ya kwangu, nikangoja. Hakuna kigoda. Nikachungulia kwa ufa wa dirisha. Nikamwona mzee anapanda njia ya migomba, kigoda mkononi, anakwenda juu. Hakugeuka.

Jamani, roho iliniuma. Sitafuti neno zuri zaidi. Niliona wivu. Nikaimwaga ile chai kwenye migomba, nikawagombeza watoto kwa kosa ambalo hata mimi sikulijua. Kukicha namwona mke mwenzangu kwenye chai, kikapu mgongoni, ananiamkia vizuri kabisa, na mimi namjibu kwa meno. Kila kitu chake kiliniudhi. Alivyofunga leso, alivyocheka na wachumaji wengine, ile antena yake iliyosimama wima juu ya paa. Upepo ukivuma kutoka upande wa Nyamira nilikuwa nasimama mlangoni kuona kama itaanguka. Ng'o! Haikutikisika hata kidogo.

Jioni nikawa nasikiliza. Kutoka kwangu ungeweza kusikia televisheni yake, matangazo ya sabuni, muziki wa habari. Nilitega sikio nisikie mzee akicheka. Sikumsikia. Nikajiambia, kumbe wananong'ona. Kumbe wana siri. Usiku mzima najigeuza kitandani nikijiuliza amemwambia nini, amemsimulia ile ya mbwa? Ile ilikuwa yangu!

Basi nikasema, sikubali. Nikamwita fundi.

Fundi alikuwa wa Keumbu sokoni, kijana mwenye bisibisi ndani ya soksi na maneno mengi kuliko vifaa. Akaizunguka televisheni, akaipigapiga mgongoni, akasema, "Mama, hii haijaharibika. Inataka kuboreshwa tu." Neno hilo, kuboreshwa, siku hizi nikilisikia popote nashika vitu vyangu.

Mara ya kwanza aliiboresha antena. Akaniomba vifuniko vya sufuria, akavifunga kwa waya juu ya mwanzi. Nikapika siku kadhaa ugali usiofunikwa. Picha ikaja kidogo, ni kweli, lakini sauti ikapotea, ikawa ni mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nikamwita tena. Akafungua mgongo wa televisheni, akapuliza vumbi, akakaza kitu, akalegeza kitu, akasema sasa imepata nguvu mpya. Akaondoka. Hajafika hata barabarani, picha ikaanza kupanda juu. Msomaji wa habari anapanda, kichwa kinatokea chini, miguu ya meza juu, anapanda tena. Binti yangu mdogo alipata kizunguzungu akatapika.

"Fundi," nikamwambia aliporudi, "kabla hujaja nilikuwa na sauti na nusu ya picha. Sasa sina hata kimoja. Unaboresha au unavuna?"

"Mama, haya mambo ni hatua kwa hatua. Sasa imefika hatua ya busta, ya kuongezea mawimbi nguvu."

Nikabeba ndizi mpaka soko la Daraja Mbili, nikauza, nikapanda mjini Kisii kwenye duka la Mhindi mmoja wa vyombo vya umeme. Mwenye duka akanifungia busta kwenye gazeti, akaniambia kwa Kiswahili chake cha haraka, "Mama, hii kali. Hii navuta mpaka Uganda." Na kweli ilivuta! Ilivuta yote kwa pamoja. Msomaji wa habari akawa na mikono minne, miwili yake na miwili ya mhubiri sijui wa wapi. Huyu anasema bei ya mahindi, yule anasema tubuni. Nikakaa chini nikalia, halafu nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba nje ya dirisha hakuna wa kumwambia. Nikalia tena.

Mke mwenzangu akasikia habari za fundi. Nani asingesikia? Akanitumia salamu kwa watoto: nije nami nitazame kwake, nafasi iko. Nikajibu kwa watoto hao hao kwamba nina kazi. Afadhali nitazame ukuta. Yaani aninyang'anye kisha anikaribishe nije nishuhudie!

Fundi alipoishiwa na vitu vya kukaza akasema ukweli, pengine mara ya kwanza maishani mwake. "Shida ni bonde, mama. Hapa chini hakuna kitu kitakachoshika. Tungepata kusimika mlingoti pale nyuma ya zizi la mzee, kwenye ule mwinuko, tukaburuta waya mpaka huku, utaona hata mbu akitua kwenye pua ya waziri."

Nyuma ya zizi la mzee! Ningemwambiaje? Mkazamwana haendi kwa mkwe wake akaomba shamba la kuchimba shimo. Haombi hata chumvi. Nikakaa na jambo hilo kooni, mwishowe nikaenda jikoni kwa mama mkwe, nikaketi kwenye gogo, nikaanza kumsaidia kuchambua mboga. Nilichambua mpaka sahani ikajaa.

"Sema basi," akasema mama mkwe. "Hukuja kwa ajili ya mboga zangu."

Nikamweleza. Mlingoti, waya, fundi. Sikumtaja mke mwenzangu hata kidogo. Akanitazama, akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakipanda na kushuka.

"Mwanangu, yaani mzee asiyeingia kwako, sasa waya utoke kwake uingie mpaka ndani ya nyumba yako?"

"Mama, ni waya tu!"

"Ni waya. Sijasema kitu." Akafuta machozi ya kucheka kwa leso. "Tangu aanze kwenda huko juu anarudi mapema. Anakula, analala. Nitamwambia."

Asubuhi iliyofuata nikasikia shoka. Mzee alikuwa ameangusha mkaratusi wake mwenyewe, ule mrefu wa mpakani, na alikuwa anauchonga matawi. Hakusema lolote kwa mtu. Fundi akaja, vijana wa jirani wakasaidia kuusimika, waya ukapita juu ya chai, juu ya migomba, ukateremka mpaka dirishani kwangu. Mke mwenzangu alisimama kwake juu akitazama, mikono kiunoni. Nami nikajifanya namwita kuku, ili nipate sababu ya kusimama pale nikitazamwa. Haki ya nani, siku hiyo nilitembea ardhi ikiwa laini.

Fundi akaunganisha. Akawasha.

Picha ilikuwa safi. Safi kabisa. Niliona vifungo vya shati. Niliona kwamba yule msomaji wa habari niliyemwita mwembamba miezi yote ile alikuwa mnene wa shavu.

Jioni nikaosha vikombe mara mbili. Nikachemsha chai kwa maziwa matupu, nikakaanga na ndizi. Jua linazama nikasikia nyayo kwenye njia ya migomba, kisha kigoda kikitua chini ya dirisha, na mtu akikohoa kusafisha koo. Nilimtoa binti na chai mbio mbio akaimwaga nusu.

Habari zikaanza. Nikangoja kidogo, nisionekane nina haraka. Kisha nikaiambia televisheni, "Leo amevaa tai ya madoadoa."

Kimya. Nikadhani hakusikia.

"Hiyo tai," nikaongeza sauti, "lazima amefungiwa na mtu aliyemkasirikia."

"Mm," mzee akasema.

Habari zikaisha. Mpira ukaanza, mechi ya timu zetu za nyumbani. Jezi zilikuwa tofauti, mtu kipofu angezitofautisha. Nilisubiri aulize. Wachezaji wakakimbia huku, wakakimbia kule, mmoja akaangushwa. Hakuuliza. Mwishowe nikashindwa, nikauliza mimi, nikimwita baba kwa Kigusii:

"Tata, mpira uko kwa nani?"

Nikasikia akisogeza kigoda kidogo. Akajibu kwa upole, bila ukali wowote, jinsi unavyomjibu mtoto aliyekosa kazi:

"Si unauona mwenyewe, mama? Tazama."

Nikatazama. Ulionekana vizuri sana. Mzee aliutazama mpira wote mpaka filimbi ya mwisho, akamrudishia binti kikombe, akaniaga kupitia kwake, akaenda. Alifanya hivyo kesho yake na kesho kutwa. Alikuja kila siku, alikunywa chai yangu yote, na sauti niliyokuwa nikiisikia ilikuwa ya wale wa ndani ya kioo. Nikajikuta nakikodolea macho kile kisanduku kwa wivu ule ule, na hicho huwezi kukinunia njiani.

Wiki hiyo nikakutana na mke mwenzangu kwenye kituo cha kupimia chai. Tulikuwa kwenye foleni, vikapu chini, karani wa mizani hajafika. Akasogea karibu yangu. Nikajua amekuja kunichokoza na nikajitayarisha.

"Sasa umemchukua," akasema.

"Amekuja mwenyewe."

"Haya." Akachezea jani la chai, akalikunja. "Nilikuwa nataka kukuuliza kitu, usinicheke. Zamani, kabla sijanunua ya kwangu, nilikuwa nasikia kicheko kutoka kwenu kila jioni. Mzee huyo huyo asiyecheka! Nilikuwa nasimama nje na giza linaingia, nasikiliza tu. Nikamsumbua mume wangu mpaka akanunua televisheni. Nilidhani kile kicheko kinatoka ndani yake." Akalitupa lile jani. "Kwangu alikuwa anakaa kimya mwanzo mpaka mwisho, anaondoka. Nikasema labda yangu haina kitu fulani. Sasa amerudi kwako. Anacheka?"

Alinitazama machoni. Hakukuwa na uchokozi wowote usoni mwake. Ningeweza kumwambia, na labda tungeketi pale juu ya vikapu tukacheka sisi wawili.

"Anacheka sana," nikamwambia. "Jana alicheka mpaka chai ikamwagika."